Nyota Tano Bila Kujaribu

Ndugu zangu, kuna swali ambalo nimeliweka mbele ya wenzangu hapa chuoni mara kadhaa, na kila mara huanza kwa kicheko na kuishia kwenye ubishi. Mtu anayeipa roboti ya mchezo wa simu nyota tano, ilhali hajaitumia hata siku moja, je, ana la kujibu mbele ya Mwenyezi Mungu? Wanaocheka husema roboti yenyewe haipo. Ni picha inayotembea kwenye kioo. Hilo nalikubali. Roboti haipo. Lakini anayezisoma zile nyota yupo, na pesa anazotoa kwa sababu yake zipo, na muda anaoupoteza haurudi.

Sitaingia hapa katika hukumu ya michezo hii yenyewe. Wenye elimu wameizungumza, na kila mmoja wetu anajua saa zake za swala na za masomo zinakwenda wapi. Ninachouliza ni kuhusu ulimi na kidole cha yule anayepima.

Kwa ambao hawachezi, nieleze kidogo. Katika mchezo wa War Robots, uliotolewa na kampuni ya Pixonic mwaka 2014, timu mbili za wachezaji sita sita hupambana na kugombea vituo uwanjani. Kila mchezaji huchagua roboti zake, akazivika silaha nyepesi, za kati au nzito, kisha akazipandisha ngazi kuanzia ya 1 hadi ya 12 na kuendelea. Mchezo mwingine, Robocraft wa kampuni ya Freejam ya Uingereza, ulikwenda mbali zaidi. Humo mchezaji aliijenga roboti yake kipande kwa kipande, magurudumu, mabawa na mizinga, kisha akaweza kuiweka katika kiwanda cha pamoja ili wengine waichukue na kuipa alama. Alama zenyewe zilikuwa za aina mbili: ya uwezo wake vitani na ya sura yake.

Michezo ya namna hii ina roboti nyingi na silaha nyingi, na kuzipandisha ngazi hugharimu muda au pesa. Hakuna kijana wa kawaida anayeweza kujaribu zote. Kwa hiyo hutokea watu wanaojaribu kwa niaba ya wengine na kutoa orodha: hii nyota tano, hii tatu, hii usiiguse. Wanaosoma huwaamini. Na panapokuwa na kuaminiwa, hapo pana amana.

Kwetu Nyakarenzo, wilayani Rusizi, si ajabu kuwakuta vijana wanne wameinamia simu moja, mmoja anacheza na watatu wanamwelekeza. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ni mmoja wao. Msimu mmoja wa kahawa alifanya kazi ya kuchuma na kubeba, akaweka akiba faranga 6,000. Katika orodha moja aliona roboti iliyopewa nyota tano, na chini yake maneno ya kuisifu kwamba haina mpinzani. Akainunua. Haikupita wiki akagundua kwamba ni nzito kugeuka, mizinga yake huchelewa kujaza risasi, na mwenye roboti ya kasi humzunguka nyuma akammaliza kabla hajageuka. Baadaye wachezaji wenzake walimbana mwenye orodha, naye akasema wazi kwamba hajawahi kuwa na roboti ile. Alizitazama tu namba zake za nguvu na kasi, akakisia.

Mdogo wangu aliniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria: "Kaka, huyu alidanganya au alikosea?"

Ukilitazama haraka, jibu ni moja kati ya hayo mawili. Lakini mwongo ni yule anayeujua ukweli akasema kinyume chake, na huyu hakuujua. Mkosaji ni yule aliyepima kwa bidii na kipimo kikampotoka, na huyu hakupima. Basi huyu ni mtu wa tatu, na lazima tumtafutie mahali pake.

Hebu tubadilishe kisa. Tuseme roboti ile ingekuwa kweli ni bora, na mdogo wangu angeshinda nayo kila pambano. Angemshukuru mwenye orodha, na hakuna ambaye angelalamika. Je, zile nyota tano zingekuwa safi? Mimi nasema hapana. Kila nyota hubeba sentensi ambayo haijaandikwa: "Nimeijaribu, najua ninachosema." Sentensi hiyo ilikuwa ya uongo siku zilipowekwa nyota, na ingebaki ya uongo hata kama roboti ingekuwa nzuri kuliko zote. Mwenye orodha huenda hakusema uongo kuhusu roboti. Alisema uongo kuhusu nafsi yake.

Ndugu msomaji, jambo hili si geni katika dini yetu. Katika hadithi mashuhuri ya makadhi watatu, mmoja anaokoka na wawili wanaangamia. Wa kwanza anaijua haki na kuhukumu kwayo. Wa pili anaijua na kuiacha. Wa tatu ni yule anayewahukumu watu kwa ujinga. Tazama kwamba huyu wa tatu hakutajwa kuwa hukumu yake ilikosea. Huenda mara nyingine aliipata haki kwa bahati. Kosa lake ni kuketi kwenye kiti cha kujua ilhali hajui.

Na katika Sura Al-Israa kuna mpangilio ambao mwanafunzi yeyote anaweza kuufungua na kuuona. Aya ya 35 inaamrisha kutimiza kipimo na kupima kwa mizani iliyo sawa. Aya inayofuata, ya 36, inakataza kufuata jambo ambalo mtu hana ujuzi nalo, na inakumbusha kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Amri ya mizani na amri ya ujuzi zimekaa pamoja. Mimi ninaelewa hivi: anayepunja kilo ya mchele sokoni na anayetoa kauli ya kukisia kana kwamba ameipima, wote wawili wamemkabidhi mnunuzi kitu pungufu katika kifungashio kilichojaa.

Inasimuliwa pia kwamba Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, aliletewa shahidi asiyemfahamu, na mtu mmoja akajitokeza kusema yeye anamfahamu na ni mwadilifu. Umar akamhoji: umekuwa jirani yake ukamjua usiku na mchana? Umefanya naye biashara ya dinari na dirhamu? Umesafiri naye? Yule mtu akajibu hapana kwa yote. Umar akamwambia kwamba basi hamjui. Huyo naye hakuwa na nia mbaya. Alimwona mtu kwa mbali, akapendezwa na mwonekano wake, akampa nyota tano.

Sisi wa milima ya Rusizi tuna mfano wa karibu zaidi, nao ni kahawa. Matunda yake yakifika kwenye kituo cha kuoshea humwagwa ndani ya maji. Yaliyo matupu au yaliyoliwa na wadudu huelea na kuondolewa, hata kama kwa macho yalikuwa mekundu na mazuri. Baadaye, kahawa inapofika kwa waonjaji, vikombe hupewa namba ili mwonjaji asijue ni ya mkulima gani, naye huonja kijiko kwa kijiko na kutoa alama kati ya 100. Mwaka 2008 Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuandaa mashindano ya Cup of Excellence, na kahawa za wakulima wetu zilihukumiwa kwa njia hiyo. Hakuna mwonjaji aliyetoa alama kwa kulitazama gunia.

Watengenezaji wa michezo nao wanalijua hili. Pixonic huwafungulia wachezaji seva ya majaribio ili wazitumie roboti na silaha mpya kabla hazijatolewa kwa wote. Ikiwa aliyeiunda roboti anaona haja ya kuijaribu uwanjani, wewe uliyeiona kwenye picha unapata wapi uhakika?

Lakini kujaribu peke yake hakutoshi. Yuko anayeijaribu roboti ikiwa ngazi ya 12, imevishwa silaha za gharama, dhidi ya wachezaji wanaoanza. Akishinda mapambano kumi mfululizo huandika nyota tano. Huyo amepima mfuko wake, hakupima roboti. Maskini atakayeinunua ataipata ikiwa ngazi ya 1, na hatayaona aliyoahidiwa. Haki ni kusema: niliitumia katika ngazi hii, kwa silaha hizi, mapambano kadhaa, dhidi ya walio sawa nami. Aseme na tarehe pia, kwa sababu kampuni hubadilisha nguvu za roboti kila inapotoa toleo jipya, na ushahidi wa mwaka jana huweza kuwa batili leo.

Wenzangu hunipinga kwa hoja mbili. Ya kwanza husema nyota ni maoni tu, na kila mtu ana uhuru wa maoni. Ni kweli kuwa yapo maoni. Ukisema unaipenda rangi yake au mwendo wake, hilo ni lako, na hakuna wa kukuhoji. Ndiyo maana ninaona Robocraft walikuwa na busara kuitenga alama ya sura na alama ya vita. Lakini ukisema inashinda, umeingia katika habari, na habari huwa na kweli na uongo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na sidharau anayeitoa. Rafiki yako amekesha usiku akijenga roboti, ameiweka mbele ya watu, na anakuomba umpe nyota tano ili asivunjike moyo. Je, upole haumo katika dini? Umo. Lakini zile nyota hazisomwi na rafiki yako peke yake. Unapomfurahisha yeye, unawalipisha wageni usiowajua, na mmoja wao huenda ni kijana mwenye faranga 6,000 za jasho lake. Sura An-Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie ushahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Upole una njia yake: mwandikie rafiki faraghani, msifie alichofanya vizuri, mwoneshe mahali ngao inapovunjika, kaa naye muirekebishe. Kisha mbele ya watu mpe nyota anazostahili. Na kama hujaijaribu, usimpe hata moja. Kunyamaza pia ni jibu halali.

Nimelichukua jambo dogo makusudi, kwa sababu sisi wanafunzi tunapima watu na vitu kila wiki. Tunajaza fomu za kutathmini wahadhiri ambao vipindi vyao tulivikosa. Tunaombwa kuwa wadhamini wa wenzetu wanaotafuta kazi. Siku moja familia itakupigia simu kukuuliza kuhusu kijana aliyeposa binti yao, kwa kuwa mlisoma naye chuo kimoja, nawe ulimwona tu safu ya mbele msikitini. Ulimi uliozoea kusema "nyota tano" bila kujaribu hautajifunza kusema "sijui" siku hiyo.

Mdogo wangu nilimjibu hivi: hakudanganya kuhusu roboti, wala hakukosea katika kuipima, kwa sababu hakuipima. Alishuhudia asichokishuhudia. Na nikamuusia kwamba yeye sasa ni shahidi wa kweli wa roboti ile, kwa hiyo akiulizwa aseme alichokiona, uzito wake na uzuri wake, bila kuongeza chumvi kwa sababu ya hasira.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 Freejam ilitangaza kufungwa kwake pamoja na kuzimwa kwa seva za Robocraft. Roboti ambazo watu walizijenga kwa miaka, na nyota walizopeana, hazina tena mahali pa kuonekana. Kilichobaki ni kile alichokiandika kila mmoja akijua au asipojua, na hicho kiko katika daftari ambalo halizimwi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaopima kwa haki. Wallahu a'lam.