Mumeo Hajarudi Misani Tangu Korona?



Katika semina za wana-ndoa tunazofanya vigangoni, kuna swali ambalo akina mama hawaniulizi mbele ya watu. Huningoja wakati wa chai. Husema: "Katekista, mzee wangu alikuwa Mkristu mzuri. Tangu korona hajakanyaga kanisani, nami nakwenda na watoto peke yangu kama mjane. Nifanye nini?" Ukimwuliza amejaribu nini, utasikia kwamba amemnunia, amewatuma watoto wamwite, amemtuma Padre, na mwisho anamtaja katika sala za jumuiya kila wiki: "Tumwombee mzee wangu arudi kanisani." Naye mzee habari humfikia kabla mama hajafika nyumbani.

Wapo pia akina baba ambao wake zao ndio hawajarudi. Lakini wanaoniuliza wengi ni akina mama, kwa hiyo leo nitasema nao zaidi. Wewe baba usigeuze ukurasa, maana zamu yako itafika.

Hebu tukumbuke kwanza mambo yalivyokuwa, kwa sababu tumeyasahau upesi. Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, tukiwa ndani ya Kwaresima. Tarehe 22 mwezi huohuo Serikali ikasimamisha ibada makanisani na misikitini, na mazishi yakaachiwa jamaa wa karibu tu, watu wasiozidi 15. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni kila mtu awe kwake. Jioni ya siku hiyohiyo, Baba Mtakatifu Fransisko alisimama peke yake mvuani katika Uwanja wa Mtakatifu Petro, akaubariki ulimwengu kwa Sakramenti Kuu huku uwanja wote ukiwa mtupu. Pasaka ikaja tarehe 12 Aprili. Mapadre wetu waliadhimisha Misa karibu peke yao, nasi tukasikiliza redioni, wenye simu kubwa wakatazama kwa simu. Komunyo ya tamaa, ambayo wengi waliijua kwa kuisoma katika katekisimu tu, ikawa ndiyo Komunyo yetu ya Dominika.

Mwezi wa Julai makanisa yalipofunguliwa, yalifunguliwa kwa masharti: watu 100 tu kwa Misa moja, Misa isizidi saa moja, na walio chini ya miaka 13 au zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Mlangoni kulikuwa na tangi la maji, sabuni, kipima joto na daftari la kuandika majina. Machi 2021 ibada zikafungwa tena katika kaunti tano, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, hadi mwanzo wa Mei. Ilikuwa Machi 2022 ndipo makanisa yaliporuhusiwa kujaa kama zamani. Hiyo ni miaka miwili. Mtu aliyevunjika mguu hahitaji miaka miwili ili asahau kutembea vizuri, sembuse sisi.

Basi, mama, kabla hujasema mumeo ni mvivu, jiulize ni nini hasa kilichomzuia. Sababu si moja.

Wako waliozoea tu. Baba wa namna hii hukuambia kwamba yeye anasikiliza Misa redioni na kwamba Mungu ni yuleyule. Na huyu ajibiwe kwa upole lakini wazi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1248, inasema kwamba pale ambapo haiwezekani kushiriki Misa kwa sababu kubwa, waamini washiriki Liturujia ya Neno au wasali kwa muda wa kufaa, mtu binafsi, au familia, au familia kadhaa pamoja. Hivyo wakati ule hatukuwa tumeachwa bila njia. Lakini hiyo ni njia ya wakati wa kuzuiwa. Redio itamletea Neno la Mungu chumbani, nayo ni baraka kubwa kwa mgonjwa na kwa kikongwe. Haiwezi kumletea Mwili wa Kristu. Baba mwenye afya, anayetembea hadi sokoni na kurudi na gunia, hajazuiwa.

Wako walioumizwa mlangoni. Jambo hili watu hulicheka, lakini mimi silicheki. Fikiria mzee wa miaka 60 ambaye mke wake ana miaka 52. Wameoana kanisani, na kwa miaka thelathini wamekaa benchi moja. Jumapili ile wanafika langoni, mama anaambiwa apite, mzee anaambiwa arudi. Tena anayemwambia ni kijana ambaye yeye mzee ndiye aliyemsimamia katika Kipaimara! Amri haikuwa ya yule kijana, wala haikuwa ya Paroko. Ilikusudiwa kuwalinda wazee, ambao korona iliwaua zaidi kuliko vijana. Lakini mzee alirudi nyumbani peke yake njia nzima, na watu wakimwona. Mama naye akaingia. Je, mama, siku ile ulipotoka Misani ulimwambia nini? Wapo waliorudi wakasimulia jinsi Misa ilivyopendeza. Wapo pia waliosema, "Jumapili ijayo nitabaki nawe, tusali Rozari pamoja," na ninavyoona mimi, wazee wa hao walikuwa wa kwanza kurudi mlango ulipofunguliwa.

Nitaongeza jambo hapa. Katika nyumba nyingi, ile miezi ya kufungiwa ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kwa baba kuongoza sala. Aliketi na watoto, akasoma Injili ya Dominika, hata kama kusoma kwake kulikuwa kwa kukwamakwama. Makanisa yalipofunguliwa, sala ikarudi kwa mama na jumuiya, na meza iliyokuwa na msalaba na mshumaa ikawekwa televisheni. Hakuna aliyemwambia baba kwamba kazi yake imekwisha. Aliona tu imekwisha. Kama ndivyo ilivyokuwa kwenu, mrudishieni sala ya jioni. Usimkumbushe kanisa. Mwambie, "Baba watoto, leo tuongoze sala," kisha ukae kimya, hata akikosea mafumbo ya siku.

Lakini sababu ninayotaka tuitazame zaidi ni nyingine, nayo ni nzito. Ni mazishi.

Nawajua mume na mke ambao wamekubali niyasimulie haya bila kuwataja. Mume alikuwa akifanya kazi Nairobi, mke akiwa nyumbani magharibi mwa nchi pamoja na mama mkwe. Mwezi wa Mei 2020 yule mama akafariki. Hakufa kwa korona. Alikuwa na shida ya presha kwa muda mrefu. Nairobi ilikuwa imefungwa tangu tarehe 6 Aprili, na haikufunguliwa hadi tarehe 7 Julai, hivyo mwana alihitaji kibali cha kusafiri, nacho hakikupatikana kwa wakati. Mama yake akazikwa asubuhi, watu 15, bila Misa. Mzee mmoja wa kigango alisoma sala. Mwana aliyaona mazishi kwa simu, picha zikikatikakatika.

Sasa mjue yule marehemu alikuwa nani. Alikuwa mmoja wa wale akina mama wa chama cha Wanawake Wakatoliki ambao hawakosi mazishi. Kwa miaka mingi alivaa sare yake, akaenda kuwaimbia wafu wa watu hata kule ambako hakujuana na mtu. Na siku yake ilipofika, hakuna aliyemwimbia.

Mume alifika nyumbani mwezi wa Julai. Alikwenda kaburini jioni, peke yake, akarudi, akala, akalala. Hakuuliza kitu. Jumapili ya kwanza kanisa lilipofunguliwa, alisema ana ng'ombe wa kupeleka joshoni. Jumapili ya pili ng'ombe alikuwa mgonjwa. Tangu hapo kila Jumapili ng'ombe alikuwa na shida. Mke aliona ni uvivu, akasema hivyo, na hivyo wakagombana kila Jumapili asubuhi kwa miaka mitatu.

Mama huyu alipokuja kwangu na swali lile la wakati wa chai, nilimwuliza jambo moja tu: "Umewahi kumsimulia jinsi mama yake alivyozikwa?" Akanyamaza. Kisha akasema, "Hajaniuliza." Baadaye mume naye nilipomwuliza, alisema, "Hajaniambia." Mke alifikiri akisimulia atamwumiza. Mume alifikiri kuna aibu inayofichwa, kwamba mama yake alitupwa shimoni kama mtu asiye na watu.

Wakakaa chini. Mke akasimulia kuanzia usiku ule wa kifo. Ni yeye aliyemwosha mama mkwe pamoja na shemeji mmoja. Ni yeye aliyemvisha, na alimvisha sare yake ya chama, akamfunga kitambaa chake kichwani, akamzungushia rozari mikononi. Kumbe yule mama alizikwa na sare yake, na mwanawe hakujua kwa miaka mitatu! Mume alilia. Mke pia alilia, maana hakuna aliyewahi kumpa pole yeye. Pole zote zilitumwa Nairobi.

Mama unayesoma haya, kama ulikuwa miongoni mwa wale 15 na mumeo hakuwapo, basi wewe unashika kitu chake. Mpe. Usimpe mbele ya watoto wala siku ya ugomvi. Chagua jioni tulivu, umweleze kila kitu: nani alibeba, nani alisali, mvua ilinyesha au haikunyesha, marehemu alisema nini siku za mwisho. Akikataa kusikiliza mara ya kwanza, usilazimishe. Atakuuliza mwenyewe, labda mkiwa shambani.

Sasa wewe baba. Najua unalolisema moyoni: "Siku nilipolihitaji Kanisa, Kanisa halikuja." Neno hilo usilizungushe kwa habari za ng'ombe. Lipeleke kwa Paroko, ulimwambie kama lilivyo. Mapadre wengi wamelibeba wao wenyewe, kwa sababu nao walikuwa na wagonjwa ambao hawakuruhusiwa kuwafikia. Na kuhusu jumuiya una haki ya kusikitika. Ile miezi ilizuiwa na sheria. Lakini zuio lilipoondolewa, jumuiya nyingi zilirudi kwenye ratiba yao ya kawaida, kana kwamba waliozikwa wakati ule walizikwa na watu.

Lakini soma kitabu cha Tobiti, sura ya pili. Tobiti aliacha chakula mezani akaenda kumchukua mtu aliyeuawa, akamficha hadi jua lilipotua, akamzika peke yake. Hapakuwa na umati wala nyimbo, na majirani walimcheka. Mbele kidogo, katika sura ya 12, malaika Rafaeli anamfunulia kwamba mazishi yale ya harakaharaka Mungu aliyaona. Mama yako hakuzikwa na serikali. Alizikwa na mkeo.

Wala hujachelewa kumwombea. Katika kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12, Yuda Makabayo alichanga fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya askari wake waliokufa, na vita vilikuwa vimekwisha. Misa ya kumwombea marehemu haihitaji mwili uwepo kanisani, wala haina tarehe ya mwisho. Mwaka 2020 wenyewe Vatican iliongeza muda wa kupata rehema kamili kwa ajili ya marehemu, kutoka siku nane za mwanzo wa Novemba hadi mwezi mzima, ili watu wasisongamane makaburini.

Wale niliowasimulia waliomba Misa hiyo. Padre aliiadhimisha nyumbani, akabariki kaburi kwa maji ya baraka, na akina mama wa chama wakaja na sare zao wakaimba nyimbo walizokuwa wanadaiwa. Mume sasa huja Misani, ingawa si kila Jumapili, na hukaa benchi la nyuma. Mke hamwulizi kuhusu Jumapili anazokosa.

Kama mna marehemu wa namna hiyo, nendeni wote wawili ofisini kwa Paroko, si mama peke yake, mkaandikishe jina la marehemu na siku aliyofariki. Fanyeni hivyo kabla ya mwezi wa Oktoba kwisha, kwa sababu Novemba daftari la nia za Misa hujaa. Mtaje pia kwamba marehemu alizikwa bila Misa, ili Padre ajue na aweze kupanga kuja kaburini. Mwenyekiti wa jumuiya aarifiwe tarehe mapema. Na kama hamna sadaka ya Misa, mwambieni Padre bila haya: kanuni ya 945 inawahimiza mapadre kuadhimisha Misa kwa nia za waamini, hasa walio maskini, hata pasipo kupokea sadaka yoyote.