Thamani ya Kitu Kichache

Kitu hupendwa kwa sababu mbili ambazo aghalabu husafiri pamoja hata zikadhaniwa kuwa moja. Sababu ya kwanza ni wema ulio ndani ya kitu chenyewe: uzuri wake, nguvu yake au manufaa yake. Sababu ya pili haimo ndani ya kitu hicho; imo katika mikono mitupu ya watu wengine. Maji ni mema hata yakiwa tele, lakini taji lingekuwa kofia nzito tu kama kila kichwa kingelivaa. Basi mtu atafutaye kitu kwa kuwa ni kichache, je, anakipenda kitu hicho, au anapenda ukosefu wa wenziwe? Swali hili ni la kale na lina mifano mingi. Walakini ni michache ionyeshayo mpaka wake waziwazi kama sarafu za dhahabu na fedha zinazopigwa katika zama hizi kwa idadi ndogo, zikagombewa na wakusanyaji.

Sarafu hizo si za kununulia unga. Hupigwa ili mtu aweze kununua madini yenye uzani na usafi uliothibitishwa na serikali. Afrika Kusini ilianza mwaka 1967 kwa Krugerrand, sarafu yenye wakia moja kamili ya dhahabu, yaani gramu 31.1, iliyotiwa shaba kidogo ili iwe ngumu. Bei yake haikuandikwa usoni pake. Hufuata bei ya dhahabu sokoni, na juu yake huongezwa kidogo kwa ajili ya kazi ya kuipiga. Kwa nia hiyo sarafu moja ni sawa na nyingine, kama kibaba cha mchele kilivyo sawa na kibaba kingine cha mchele ule ule. Lakini mwaka 1967 zilipigwa sarafu 40,000 tu, na mwaka 1978 zilipigwa zaidi ya milioni 6. Mizani haioni tofauti kati ya sarafu za miaka hiyo miwili. Mkusanyaji huiona, na huilipia.

Mfano wa pili watoka Marekani. Mwaka 1995, katika kuadhimisha mwaka wa kumi wa sarafu zake za tai, kiwanda cha sarafu cha nchi hiyo kiliuza seti ya sarafu 4 za dhahabu kwa dola 999. Ndani ya seti kilitia kama bakshishi sarafu moja ya fedha ya wakia moja, iliyong'arishwa na kutiwa alama ya West Point. Sarafu hiyo haikuuzwa peke yake; aliyeitaka fedha ilimpasa ainunue na dhahabu. Seti zilizotoka zilikuwa 30,125, wala hazikuzidi. Leo bakshishi ile huuzwa kwa maelfu ya dola, ingawa fedha iliyomo haizidi hata chembe fedha ya sarafu nyingine yoyote ya wakia moja.

Uhaba wa namna hii watoka wapi? Yafaa kupambanua aina tatu za uhaba. Wa kwanza ni uhaba wa ardhi. Dhahabu ni chache kwa kuwa ilifichwa mbali katika mwamba, na mchimbaji wa Geita aujua uchache huo kwa mgongo wake. Wa pili ni uhaba wa msiba. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya kwanza, Wajerumani wa Afrika Mashariki walikuwa wamezingirwa na kukatiwa njia ya bahari. Walichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakapiga Tabora, katika karakana ya reli, sarafu za rupia 15 zenye sura ya tembo na mlima nyuma yake. Zilitoka zaidi kidogo ya 16,000. Uchache wao haukukusudiwa na mtu. Ulikuwa kovu la vita, na aishikaye sarafu ile leo ashika kipande cha taabu ya nchi.

Uhaba wa tatu ni wa amri. Hapa chuma cha kupigia hakijavunjika, dhahabu haijakwisha, wala adui hayuko mlangoni. Mtu ameketi mezani akaandika idadi, na idadi ile ikawa mali. Hapana uongo ndani yake, maadam idadi hutangazwa hadharani na ahadi hutimizwa. Walakini ni vema mnunuzi ajue alichonunua. Sehemu ya kwanza ya bei yake ni madini, na sehemu ya pili ni kazi ya fundi. Sehemu ya tatu, ambayo mara nyingi ndiyo kubwa kuliko zote, si kitu kilichotengenezwa. Ni vitu ambavyo havikutengenezwa.

Haitakuwa haki kumhukumu mkusanyaji kabla hajasikilizwa. Kwanza atasema kwamba akiba haiozi, na kwamba awekaye dhahabu sandukuni hamdhulumu mtu. Ni kweli. Pili atasema kwamba kuchonga tai, jani au uso wa mtu katika duara lisilojaza kiganja cha mtoto ni sanaa istahiliyo heshima. Ni kweli pia, na ushahidi upo. China ilizoea kubadili sura ya panda katika sarafu zake mwaka hata mwaka. Ilipoazimia kuacha desturi hiyo, sarafu za mwaka 2002 zikatoka na sura ile ile ya mwaka 2001, wakusanyaji walilalamika, na mwaka 2003 sura mpya zikarudi. Watu hao hawakulilia uhaba. Walililia uzuri mpya. Tatu atasema kwamba utafutaji humfundisha mtu subira, historia, na habari za nchi ambazo hatazikanyaga. Nani awezaye kukanusha?

Lakini hoja hizi tatu zashirikiana jambo moja: hakuna hata moja ihitajiyo sarafu iwe chache. Akiba ni akiba hata ikiwa ya sarafu za mwaka 1978. Mchoro mzuri haupungukiwi na uzuri kwa kupigwa mara milioni. Historia nayo husomeka vizuri zaidi penye sarafu nyingi za kulinganisha. Kwa hiyo hoja hizo zautetea ukusanyaji, na zautetea vema, lakini haziitetei bei ya uhaba. Bei hiyo yabaki bila mtetezi, na ndipo moyo wa mkusanyaji unapopasa kupimwa.

Kipimo cha kwanza kilitokea Berlin. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Machi 2017 wezi waliingia katika makumbusho ya Bode wakaiba sarafu ya dhahabu ya Kanada iliyopigwa mwaka 2007. Ilikuwa na uzito wa kilo 100, usoni imeandikwa dola milioni moja, na za namna yake zilikuwa chache mno duniani. Mwenyewe alikuwa ameiazimisha makumbusho, nayo ikatazamwa na umma. Wezi waliiondoa kwa toroli. Mwaka 2020 mahakama iliwatia hatiani baadhi ya washtakiwa, lakini sarafu haikuonekana tena. Wapelelezi waliamini kwamba ilikatwakatwa ikauzwa kama madini.

Nini kilichopotea usiku ule? Dhahabu haikupotea, yamkini ingali duniani, katika pete na mikufu ya watu wasiojua ilikotoka. Kilichopotea ni kazi ya mikono, na mshangao wa kila mgeni ambaye angefika kuitazama. Sasa na afikiriwe mtu mwenye sarafu ndugu ya ile. Alipopata habari asubuhi, sarafu yake ilikwisha kuwa adimu zaidi bila yeye kuinua kidole. Akisikitika, basi aipenda sarafu. Akichekelea moyoni, ajue kwamba alichokuwa akikipenda siku zote ni kukosa kwa wengine, na kwamba mwizi amekuwa mshirika wake.

Kipimo cha pili ni kinyume cha hicho, nacho chaweza kuwekwa Kilwa. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zimeokotwa kwa wingi, lakini sarafu za dhahabu za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mji huo Ibn Battuta alipouzuru mwaka 1331, zijulikanazo leo ni chache mno. Na ichukuliwe kwamba mkulima mmoja apigapo jembe kesho afukua chungu kilichojaa sarafu hizo. Mwanahistoria atashangilia, kwa kuwa alichokisoma katika mistari miwili sasa atakisoma katika kurasa nyingi. Mwenye sarafu moja aliyoinunua kwa bei ya uhaba atashtuka. Kushtuka si dhambi. Kila mtu huumia mali yake ikishuka. Kosa huanza pale atamanipo chungu kile kirudishwe udongoni. Hapo furaha yake imekuwa kitu ambacho hakiwezi kuishi ila watu wengine wabaki gizani.

Pwani ya Afrika Mashariki iliwahi kuitumia sarafu yenye tabia iliyo mbali na hiyo. Riale ya fedha yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, aliyefariki mwaka 1780, iliendelea kupigwa kwa tarehe ya mwaka ule ule muda mrefu baada ya kifo chake, tena kwa mamilioni. Ilitembea Uhabeshi, Uarabuni, Maskati na Unguja. Haikupokelewa kwa kuwa ni chache. Ilipokelewa kwa kuwa ilijulikana, na kila aliyeipokea aliamini kwamba na mwenziwe ataipokea. Fedha yake ilikuwa nzuri, lakini nusu ya nguvu yake ilikuwa katika viganja vya watu wengine, navyo havikuwa vitupu. Riale iliyoshuka kutoka chomboni iliongeza idadi ya watu walioweza kuuziana bila kushukiana.

Basi ziko thamani mbili ambazo mfanyabiashara huziandika kwa tarakimu zile zile, lakini dhamiri haina budi kuzitenga. Moja hukua watu wanapoongezeka kuishiriki. Nyingine hukua wanapopungua. Ya kwanza humfanya mtu amtakie jirani yake kheri hata bila kujitahidi. Ya pili humtaka ajitahidi sana asimtakie shari.

Jambo hili haliwahusu wenye dhahabu peke yao. Katika nyumba za elimu pia wako wakusanyaji. Mwanachuoni aliyepata muswada wa kale wa utenzi, kisha akakataa usinakiliwe ili abaki yeye peke yake wa kuunukuu, amepiga sarafu moja akaivunja chapa. Uhaba wake ni wa amri, wala si wa msiba, na udhuru wake ni mdogo kuliko ule wa mwenye Krugerrand. Sarafu ikitolewa humtoka mwenyewe. Muswada ukinakiliwa hubaki na mwenyewe vile vile, na mchwa akiufikia mmoja, mwingine husalia. Mwanachuoni huyo naye apimwe kwa vipimo viwili vile. Nakala nyingine ya utenzi ule ikiungua mahali fulani, atasikitika? Na nakala iliyo bora kuliko yake ikionekana kesho katika kasha la bibi mmoja wa Lamu, atakwenda kumpongeza?