Chini ya Mti Gani?
Katika kisa cha Susana kinachofuatana na kitabu cha Danieli, Danieli anawatenga wazee wawili waliomshitaki Susana kwa uzinzi, kisha anamwuliza kila mmoja: uliwaona wazinzi chini ya mti gani? Mmoja anataja mwaloni, mwenzake mti mwingine, na mwanamke ananusurika. Lakini mtu mkweli naye husahau mti. Mishna, mkusanyiko wa sheria za marabi wa Kiyahudi, katika sehemu yake ya Sanhedrini, inalipima pingamizi hilo vizuri kuliko kisa chenyewe: shahidi akiulizwa jambo la pembeni, hata vikonyo vya tini, akajibu "sijui", ushahidi wake unasimama, lakini mashahidi wakipingana, unaanguka. Ujinga uliokiriwa haumdhuru mtu. Hatari ni kuziba pengo kwa kubuni. Hata hivyo, ushahidi kuanguka si uthibitisho wa uongo. Marabi hawakuwaadhibu mashahidi kwa kupingana tu, ilhali wazee wale, baada ya swali moja, waliuawa.