Deni la Msomi Aliye Ng'ambo



Kuna swali ambalo vijana wenye elimu huulizana, nalo lastahili jibu la makini. Mtu aliyezaliwa Samuye katika Wilaya ya Shinyanga, akasoma hapo shule ya msingi, akapanda hadi chuo kikuu, na leo ni tabibu au mhandisi huko Uingereza au Kanada, je, anadaiwa chochote na watu wa Samuye? Wako wasemao kwamba hadaiwi, kwani hakuiba kitu cha mtu. Wako pia wamwitao msaliti maadamu hajarudi. Majibu yote mawili yametolewa kwa haraka, na yote mawili yanamwacha mdai bila haki yake.

Tuangalie kwanza elimu hiyo ilitoka wapi. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwanafunzi wa chuo kikuu katika Tanzania alisomeshwa kwa fedha za umma. Sehemu ya fedha hizo ilitokana na mazao yaliyouzwa nchi za nje, na pamba ya Usukuma ilikuwa miongoni mwa mazao makubwa. Basi yule mama aliyeinama shambani akipalilia pamba, ambaye hakupata kuuona mlango wa chuo chochote, alichangia kumsomesha tabibu asiyemjua hata kwa jina. Huenda ukasema: "Mimi nilisoma kwa mkopo wa Bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, nami nimeulipa wote." Umefanya vema, kwani wako wasiolipa. Lakini mkopo ule ulihesabu masomo ya chuo tu. Madarasa ya kijijini yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi, na jasho la mwalimu aliyekufundisha herufi, hayakuandikwa katika mkataba wako.

Mwalimu Julius Nyerere aliwahi kumfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa, ambaye wenzake humpa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea kingine. Watu wa Shinyanga, wanaoujua ukame, hawahitaji kufafanuliwa mfano huu. Ila liko jambo moja ndani yake ambalo wengi hulipita: mtu yule akirudi na mzigo, hatoi sadaka. Analipa.

Na tofauti ya sadaka na deni si ya maneno tu. Imepokewa katika Hadithi kwamba aliletwa maiti mbele ya Mtukufu Mtume s.a.w. ili amsalie, naye akauliza kama marehemu alikuwa na deni. Alipoambiwa kwamba analo, hakumsalia mpaka sahaba mmoja alipojitwika kulilipa. (Naam, deni la msomi halina hati, wala hakuna kadhi atakayelitia katika hesabu ya mirathi. Dhamiri ndiyo hati yake.) Atoaye sadaka huchagua mwenyewe atoe nini, lini na kwa nani, na watu humshukuru. Alipaye deni hana hiari hiyo, kwani mdai ndiye asemaye anadai nini. Hapa ndipo wasomi wetu wengi walio ng'ambo, tena wenye nia njema kabisa, wanapoteleza. Mtu huja likizo na kompyuta kumi kwa shule isiyo na umeme, hupigwa picha, hushangiliwa, kisha huondoka.

Shinyanga yenyewe imekwisha kuona matokeo ya ujuzi usiouliza. Wakati wa utawala wa Waingereza, wataalamu waliamuru vichaka na misitu ifyekwe ili kuwaangamiza mbung'o. Mbung'o walipungua kweli, na ng'ombe wakapata malisho. Lakini kufyeka huko, pamoja na mashamba ya pamba na mifugo iliyozidi kuongezeka, kuliiacha nchi tupu hata wengine wakaiita jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, nao ulistawi hasa pale ulipojengwa juu ya ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili majani na miti iote, na kuifungua kiangazi kinapokaza. Ngitili zilirudi kwa maelfu ya hekta, na mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wasomi walikuwa na kazi kubwa katika mpango huo, lakini dawa yenyewe ilikuwa mikononi mwa wazee tangu zamani.

Au tazama machimbo ya dhahabu ya upande wa Kahama na Geita. Wachimbaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma zebaki hiyo juu ya moto, na mvuke wake hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, pamoja na mtoto aliye tumboni. Mtaalamu mgeni anaweza kuwaonyesha chombo cha kufungia mvuke huo. Lakini mkemia aliyezaliwa huku anaweza kuketi nao na kuwaeleza kwa Kisukuma, akasikiliza pia kwa nini chombo kile waliwahi kupewa wakakiacha.

Tusidharau fedha. Mwaka 2024 Wakenya walio nchi za nje walituma kwao takribani dola bilioni 4.9 za Marekani. Hata hivyo, fedha za namna hii nyingi huenda kwa mama, kwa ada ya mdogo wake mtu, kwa nyumba ya ukoo. Hiyo ni haki ya jamaa, nayo ina thawabu yake; ila jirani aliyepalilia pamba haimfikii.

Je, ni lazima arudi moja kwa moja? Paul Bomani alikwenda Uingereza kusomea ushirika, akarejea, na mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa vikaungana kuwa shirikisho moja kubwa. Huo ni mfano bora, lakini sioni kwamba kila mtu amefungwa nao. Kuanzia mwaka 2001, chini ya mpango wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji ulioitwa MIDA, Warundi, Wakongo na Wanyarwanda walioishi Ubelgiji walikuwa wakienda kwao kwa majuma au miezi michache kufundisha katika vyuo na hospitali, kisha kurudi kazini kwao. La kuuliza ni kama amebaki mtu anayejua kazi hiyo baada ya ndege kuondoka.

Mdai naye ana wajibu. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 humwondolea Mtanzania mtu mzima uraia wake akichukua wa nchi nyingine, ilhali Kenya iliruhusu uraia wa nchi mbili kwa Katiba ya mwaka 2010. Watu wabishane juu ya hilo. Kwangu mimi pasipoti haifuti deni. Kilicho karibu zaidi ni barua. Zahanati ikimwandikia binti yake aliye Toronto, "Tusaidie," atatuma fedha kidogo. Ikimwandikia kwamba wakunga wake wawili wanataka kufundishwa kutambua mapema dalili za kifafa cha mimba, na kwamba baada ya mavuno ya pamba watakuwa na nafasi kwa majuma matatu, atajua akate tiketi ya lini.