Mizani ya Mtahini

Katika kazi yetu ya ualimu liko jambo tulifanyalo kila muhula bila kulihoji sana. Tunatunga maswali, tunamketisha mwanafunzi, tunasahihisha, kisha tunaandika namba moja pembeni mwa jina lake. Namba hiyo huhama kutoka daftarini kwenda kwa mkuu wa shule, kutoka kwa mkuu kwenda kwa mzazi, na hatimaye hufika mahali ambapo hakuna amjuaye kijana yule ila kwa namba ile. Hapo husemwa, "Huyu anaijua lugha," au, "Huyu haijui." Swali tunalotaka kulichungua katika makala haya ni la kimaadili kuliko la kiufundi: je, mwalimu anayo haki ya kutamka hukumu hiyo? Na kama anayo, haki hiyo ina mipaka gani?

Ili tusigombane mapema juu ya mambo yetu wenyewe, tumechagua kutazama kwanza kioo cha mbali, yaani mtihani wa Kiingereza wanaofanyiwa vijana wa shule za sekondari wenye kuzungumza Kichina. Tumeuchagua kwa sababu ni nadra kuona vijana wengi kiasi kile wakipimwa kwa pamoja katika lugha ambayo si ya mama zao. Mwaka 2024 waliojiandikisha kwa mtihani wa kuingia vyuo vikuu huko China walizidi milioni 13.

Heshima ya mtihani katika nchi ile ina mizizi mirefu. Kwa takriban miaka 1300, mpaka ulipofutwa mwaka 1905, mtihani wa serikali ulikuwa mlango wa kuingilia utumishi wa dola. Aghalabu mwenye mali alipata walimu bora, walakini wazo lenyewe lilikuwa zito: kwamba cheo kitolewe kwa aliyejibu vema, si kwa aliyezaliwa vema. Mtihani wa kisasa wa kuingia vyuo vikuu ulisimama wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, ukarejeshwa mwishoni mwa mwaka 1977. Mwaka ule waliofanya walikuwa kama milioni 5.7, na waliopata nafasi hawakufika laki tatu. Wengi wao walikuwa vijana waliotoka mashambani na viwandani. Lugha ya kigeni haikupewa uzito wote mara moja. Alama zake zilipandishwa hatua kwa hatua, na kuanzia 1983 zikahesabiwa kamili. Leo somo hilo lina alama 150 katika jumla ya 750, sawa na Kichina chenyewe na sawa na hesabu. Mtahiniwa anaruhusiwa kuchagua lugha nyingine, kama Kirusi au Kijapani, lakini walio wengi hufanya Kiingereza.

Sasa tuifungue karatasi yenyewe, tuone kinachopimwa.

Kwanza ni sikio. Katika mfumo uliozoeleka kwa muda mrefu, sehemu ya kusikiliza ina maswali 20 yenye alama 30. Mazungumzo mafupi ya mwanzo husikika mara moja tu. Yale marefu hurudiwa mara ya pili. Siku hiyo ujenzi wenye kelele husimamishwa karibu na vyumba vya mtihani, na madereva huombwa wasipige honi. Yote haya ni mema. Lakini tufikirie kinachotokea ndani ya sikio la kijana. Katika Kichina sanifu silabi humalizikia kwa irabu au kwa sauti chache za namna ya "n" na "ng". Kiingereza, kwa upande wake, huficha maana kubwa katika konsonanti ya mwisho. Tofauti ya "walk" na "walked" ni mguso mdogo wa ulimi, nao ndio unaobeba wakati uliopita. Kijana akikosa swali hilo, amekosa kusikia? Amekosa sarufi? Au amesikia vema, akaelewa vema, ila kumbukumbu yake imeelemewa kabla hajaweka alama? Namba haisemi. Sifuri ni sifuri.

Pili ni sarufi. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki kwa njeo. Wakati huelezwa kwa maneno kama jana na kesho, na kwa vijineno vinavyoonyesha kwamba tendo limekwisha au linaendelea. Nomino haibebi kibainishi kama kile cha Kiingereza, na kwa kawaida haigeuki kwa wingi. Tena, Kichina cha kuzungumza kina neno moja tu, "ta", kwa mwanamume na kwa mwanamke, ingawa maandishi huwatenganisha kwa alama mbili. Ndiyo maana kijana hodari kabisa husimulia habari za mama yake huku akimwita "he". Hapa sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna budi kutabasamu, kwani "yeye" wetu naye hamtambui mume wala mke, na wanafunzi wetu hufanya kosa hilo hilo. Tukilikuta kosa hilo katika karatasi, tunaliita ujinga. Lakini kwa kweli ni alama ya nyumba aliyolelewa mtu. Kutojua kuna namna mbili: kuna kukosa bidii, na kuna kutoka mbali. Kalamu nyekundu huzichanganya namna hizi mbili.

Tatu ni msamiati. Mwongozo wa mtaala wa China wa mwaka 2017 unamtaka mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa chuo kikuu awe na maneno yapatayo 3000 hadi 3200. Taiwan nayo ina orodha yake maalumu kwa shule za sekondari. Wako wanaozidharau orodha hizi, wakisema kwamba zinaigeuza lugha kuwa mawe ya kuhesabiwa. Sisi twaona kwamba orodha ni ahadi. Mtahini anamwambia mtahiniwa, "Humu ndimo nitakamokuuliza, sitakutega nje ya humu." Mtoto wa mfanyabiashara aliyesafiri ng'ambo na mtoto wa mkulima aliyemo katika bonde la milima wanaandaliwa uwanja mmoja. Ahadi hiyo ina thamani. Kasoro yake ni kwamba kijana aweza kulijua neno kama ajuavyo jina la mtu asiyepata kumwona: analitamka, analitafsiri, wala hajui hukaa na nani wala huchukiana na nani.

Kutokana na sehemu hizo tatu twaweza kutoa hoja ya kwanza: mtihani haupimi lugha. Hupima dalili za lugha, kama vile tabibu apimavyo joto la mwili. Joto ni dalili ya kweli, lakini hakuna tabibu mwenye akili aandikaye katika cheti kwamba mgonjwa ni "digrii 39". Mtahini mwaminifu naye hana budi kusema, "Siku ile, kwa maswali yale, alijibu hivi." Akizidisha hapo, amesema asichokijua.

Hoja ya pili inahusu usawa. Ni wepesi kudhani kwamba kuwapa watu wote swali moja ni kuwatendea sawa. Mfano wa kiziwi unatosha kutuonyesha sivyo. Kanuni za China zilizotolewa mwaka 2015 kwa ajili ya watahiniwa wenye ulemavu zinaruhusu mwenye uziwi kusamehewa sehemu ya kusikiliza, na alama zake za sehemu ya maandishi hukuzwa kwa uwiano mpaka zifikie jumla kamili ya somo. Yaani, ili watu wawili watendewe sawa, imebidi wapewe mitihani miwili tofauti. Lakini je, tutaishia wapi? Katika nchi ile ile wamo vijana ambao lugha ya kwanza ni Kitibeti au Kiuiguri. Kwao Kichina ni lugha ya pili na Kiingereza ni ya tatu. Umbali wa safari yao si umbali wa safari ya kijana wa Beijing.

Hapa mtu aweza kushawishika kuirekebisha mizani kwa huruma. Tukio la jimbo la Zhejiang linatufundisha kujihadhari. Huko Kiingereza hufanywa mara mbili, na mtahiniwa huchukua matokeo yaliyo bora. Mtihani wa Novemba 2018 ulionekana kuwa mgumu kuliko wa mwaka uliotangulia. Wahusika, baada ya kusahihisha, wakazirekebisha alama za baadhi ya maswali ili makundi ya miaka hiyo miwili yasitofautiane mno. Matokeo yalipotangazwa, wanafunzi na wazazi walilalamika. Uchunguzi ukafanywa, uamuzi ule ukaonekana kuwa wa makosa, na mwezi Desemba alama za awali zikarudishwa. Nia yenyewe haikuwa mbaya. Si haki aliyepata karatasi ngumu aadhibiwe kwa bahati yake. Kosa lilikuwa kuibadili mizani baada ya mzigo kupimwa, pasipo mwenye mzigo kuambiwa kabla. Huruma isiyotangazwa mapema haitofautikani na upendeleo. Kanuni ya kiziwi ni haki kwa sababu inajulikana kabla ya siku ya mtihani. Marekebisho yale hayakuwa haki kwa sababu yalijulikana baadaye.

Hoja ya tatu inatuhusu sisi walimu moja kwa moja. Mwaka 1985 mtihani mpya wa Kiingereza ulianza kujaribiwa katika jimbo la Guangdong, chini ya uongozi wa mtaalamu Gui Shichun. Shabaha mojawapo ilikuwa kuzivuta shule ziache kukariri kanuni, zifundishe kuitumia lugha. Miaka kama ishirini baadaye, mtafiti Luxia Qi alichunguza mtihani wa taifa uliotokana na juhudi hizo, akaona kwamba sehemu kubwa ya shabaha ile haikutimia. Mtihani wenye kuamua maisha ya kijana hauwezi kuwa pia mwalimu mpole wa njia njema. Walimu na wanafunzi walitafuta alama, wakazipata kwa njia iliyo fupi. Tusiwalaumu upesi. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwalimu ambaye darasa lake linangojwa na wazazi hamsini mlangoni hataacha kufundisha jibu ili afundishe lugha, isipokuwa awe na ujasiri usio wa kawaida.

Basi, je, tuifute mitihani? Wako wasemao hivyo, na maneno yao hupendeza masikioni. Sisi hatukubali. Mtihani ukiondoka, nafasi chache zilizopo hazitaongezeka. Zitagawanywa kwa njia nyingine, na sote twaijua njia hiyo: mjomba aliye ofisini, barua ya mkubwa, bahasha. Kijana wa mwaka 1977 aliyetoka shambani hakuwa na mjomba; alikuwa na karatasi. Mtihani ni ngao ya mnyonge. Na kwa kuwa ni ngao ya mnyonge, anayeutunga ovyo anamtoboa mnyonge.

Sasa tugeuze kioo kitutazame sisi. Kiswahili kinapanuka katika nchi jirani. Uganda ilikitambua katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kiwe cha lazima katika shule za msingi na za sekondari. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Muda si mrefu maelfu ya vijana watapimwa kwa Kiswahili kama Wachina wapimwavyo kwa Kiingereza, na watungaji wa maswali watakuwa ni sisi. Katika zoezi la kusikiliza tutauliza tofauti ya "kula" na "kura". Kwa Mganda, ambaye katika lugha yake "l" na "r" ni sauti moja inayobadilika kufuatana na irabu iliyotangulia, swali hilo halipimi kama ameelewa habari za uchaguzi. Linapima malezi ya sikio lake. Katika sarufi tutauliza upatanisho wa ngeli. Mganda huyo huyo atapeta, kwani ngeli anazo nyumbani, ilhali Mwacholi anayeketi dawati la pili, ambaye lugha yake haina ngeli za namna hiyo, ataitwa mzito. Pengine Mwacholi amesoma usiku kucha na mwenzake hakusoma kabisa.

Hatusemi kwamba Mwacholi apewe alama za bure. Tumekwisha kuona mwisho wa njia hiyo. Twasema kwamba mtungaji ana madeni matatu. Kwanza, ajue wanafunzi wanatoka lugha gani, asije akapima kwa swali moja mambo mawili na kuyaita moja. Swali la kusikiliza habari lisitegemee sauti moja tu ambayo nusu ya darasa hawana. Pili, atangaze mapema atakachokipima na uzito wa kila sehemu, kisha asiibadili mizani njiani. Tatu, asiseme kwa namba zaidi ya kile namba inachokijua. Penye nafasi ya maelezo katika ripoti ya mwanafunzi aandike sentensi moja ya kweli: "Anasikia vema, anaelewa vema, ngeli bado zinamsumbua." Sentensi hiyo haichukui dakika mbili, nayo inamrudishia kijana kitu ambacho namba ilimnyang'anya, yaani kujua ni wapi aanzie kesho.

Ama swali letu la mwanzo, jibu letu ni kwamba haki ya kuhukumu tunayo, kwa kuwa lazima awepo mwenye kuhukumu. Lakini ni haki ya mkopo, nasi twailipia kwa kila karatasi tunayoitunga. Siku tutakapoandika namba bila kusita hata kidogo, yatupasa tuiweke kalamu chini na kujiuliza ni nani tuliyempima.