Jioni Hii, Shika Ruta Yako

Mkaazi wa Kitengela, jioni hii, kabla ya taarifa ya habari ya saa moja, unaweza kuwazuia wezi ambao hawatawahi kukanyaga Barabara ya Namanga. Huhitaji fundi wa kutoka Nairobi wala cheti cha chuo. Unahitaji simu yako, ile ruta iliyopigiliwa ukutani siku faiba ilipoingia kwako, na nusu saa ya utulivu.

Usijiambie kwamba hakuna anayekutafuta. Ni kweli hakuna anayekutafuta wewe kwa jina, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu kila ruta na kila kamera iliyoikuta wazi, kwa orodha ya takriban majina 60 ya kuingilia pamoja na maneno ya siri ya kiwandani. Haikujali nyumba ni ya nani. Vifaa vilivyofunguka viligeuzwa jeshi, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo majeshi ya namna hiyo yaliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani hadi Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi mno. Nguvu hiyo ilitoka kwa sehemu kubwa kwenye vifaa vilivyoachwa jinsi vilivyotoka dukani.

Utasema hukusomea kompyuta. Richard Turere naye hakuwa amesomea umeme. Alikuwa mtoto wa Kimaasai hapa hapa Kitengela, kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, akiangalia ng'ombe wa babake tangu akiwa na miaka 9, na simba walikuwa wakija kuwala usiku. Alijaribu moto, ukawasaidia simba kuona ndani ya zizi. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba waliiona wakarudi nyuma, siku ya pili wakagundua haisogei. Kisha akang'amua kwamba wanaogopa mwanga unaotembea. Kwa betri kuukuu ya gari, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu, akatengeneza taa za kumetameta kuzunguka zizi, naye alikuwa na miaka 11 tu. Mwaka 2013 aliyasimulia hayo kwenye jukwaa la TED huko California. Ujuzi wenyewe aliupata kwa kuifungua redio mpya ya mamake!

Wewe huna haja ya kubuni chochote. Fayawali imo tayari ndani ya ruta yako: hukumbuka kifaa gani cha ndani kimeomba nini, huruhusu majibu yaingie, na humkatalia anayekuja bila kuitwa. Kinachokosekana ni mkono wako.

Geuza ruta usome kibandiko chake. Utaona anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Iandike kwenye kivinjari cha simu iliyounganishwa na Waifai yako, uingie. Kabla ya kugusa chochote, piga picha kila ukurasa, ili ukikwama urudishe mambo yalivyokuwa. Kile kitufe kidogo cha kufuta kila kitu usikibonyeze kabla ya kuwauliza waliokuuzia intaneti, kwani kinaweza kufuta hata mipangilio ya laini yako. Na ukurasa ukikataa kukufungulia, wapigie simu hao hao uwaombe. Nyumba ni yako.

Ukishaingia, anza na neno la siri la ruta yenyewe. Si lile la Waifai unalowapa wageni. Wengi hubadilisha la Waifai wakaridhika, ilhali la ruta ndilo linaloamuru mengine yote. Weka refu, liandike kwenye daftari, daftari liingie kabatini. Kisha tafuta sehemu ya usalama uhakikishe fayawali imewashwa. Zima ruhusa ya kuisimamia ruta kutoka nje. Zima UPnP, inayoviruhusu vifaa vifungue njia bila kukuuliza. Aina ya usalama wa Waifai iwe WPA2 au WPA3. Kama ruta ina mtandao wa wageni, hamishia huko televisheni na hasa kamera za getini, maana kamera ndizo Mirai ilizipenda. Kompyuta ya Windows nayo ina fayawali yake; hakikisha hakuna aliyeizima.

Hakuna fayawali itakayomzuia mtu anayekupigia simu akiomba PIN ya M-Pesa. Huyo mkatie simu wewe mwenyewe.

Na Jumamosi ukienda kuwaona wazazi Isinya au Kajiado mjini, omba uione ruta yao. Mwite mdogo wako aliye sekondari aketi karibu, umpe simu aingize ile anwani yeye, abadilishe neno la siri yeye, azime yanayofaa kuzimwa yeye, huku wewe ukimwelekeza tu.