Mana ya Ziada Iliingia Mabuu

Somo: Kutoka 16:13-35



Leo nasema na wewe uliyejiajiri. Unaandikia watu mtandaoni, unashona, unapiga picha za harusi. Huna bosi, lakini pia huna saa ya kutoka kazini. Mteja wako yuko Marekani: kwake mchana, kwako usiku. Simu ikilia saa nane za usiku, unaamka. Si ndio? Moyoni unasema, "Nikikataa, atampa mwingine." Mpendwa, hiyo si bidii. Hiyo ni hofu iliyovaa nguo za bidii.

Tazama Israeli jangwani. Misri walikuwa watumwa, hawakujua kupumzika. Mungu akawapa mana, akaipa na kipimo: pishi moja kwa kila mtu kwa siku. Hakuwaambia walale tu; jua likipanda mana iliyeyuka, kwa hiyo kila asubuhi ilibidi watoke. Lakini waliobakiza hadi asubuhi walikuta mabuu na harufu mbaya. Na waliotoka siku ya saba walirudi mikono mitupu.

Ziada yako nayo inaoza. Umelipwa, ndiyo, lakini ukifungua Biblia unasinzia. Mtoto anakuongelesha, unajibu bila kumwangalia. Kazi uliyoifanya usiku kucha inarudishwa, imejaa makosa. Hayo ni mabuu, mpendwa.

Utasema, "Lakini pasta, kodi ya nyumba je?" Mungu anaijua hiyo kodi. Ndiyo maana siku ya sita alitoa pishi mbili: pumziko hupangwa mapema. Basi panga. Weka saa ya kufunga kazi, na umwambie mteja kabla hamjakubaliana bei. Usichukue kazi ya tatu kama mbili hazijaisha. Tenga siku moja nzima kwa Bwana na kwa watu wako, na simu ya kazi izimwe.

Kuna mteja ataondoka, sikudanganyi. Lakini Israeli waliishi kwa kipimo hicho miaka 40, wakilala bila akiba ya kesho isipokuwa usiku wa kuamkia siku ya saba, na kila asubuhi ya kuokota mana ilikuwepo. Aliyewalisha ndiye Baba yako.

Ombi: Bwana, nitoe Misri, na uitoe Misri ndani yangu. Nifundishe kufunga kazi nikikuamini. Amina.